Unakaa kwa Raha au kwa Hesabu?

Hivi, mpenzi msomaji, ukiulizwa leo kwa nini bado uko na huyo mwenzi wako, utajibu nini? Najua, "nampenda". Haya, ila kwa mwanafunzi wa miaka 17 kule Uingereza jibu hilo halitoshi kupata alama.

Wenzetu wanaosoma A-level, ngazi inayolingana na kidato chetu cha tano na cha sita, wanaweza kuchukua saikolojia kama wengine wanavyochukua hisabati au historia. Katika mtaala wa bodi ya mitihani ya AQA ulioanza kufundishwa mwaka 2015, moja ya mada za kuchagua ilikuwa mahusiano. Ndiyo, mapenzi darasani, tena yana mtihani!

Humo ndimo wanapokutana na Caryl Rusbult, mwanasaikolojia wa Marekani. Tangu mwaka 1980 alieleza kuwa raha peke yake haimfungi mtu kwenye uhusiano. Yapo mambo matatu: unaridhika kiasi gani, una pengine pa kwenda, na umeshawekeza nini. Kuwekeza si hela tu. Ni miaka yako, watoto, kiwanja mlichonunua pamoja, marafiki zenu, siri ulizomwambia, hata heshima uliyojijengea ukweni.

Ndiyo maana mtu anaweza kukosa raha kabisa na bado asiondoke. Akihesabu atakachoacha, miguu inakuwa mizito. Mwaka 1995 Rusbult na Martz walichunguza wanawake waliokuwa wamekimbilia nyumba ya hifadhi baada ya kupigwa na wenzi wao. Waliowekeza zaidi na kukosa pengine pazuri pa kwenda ndio walioelekea zaidi kurudi.

Kwa hiyo shoga yako akirudi kwa mume mpigaji, usimwite mjinga, wala usiseme kalishwa limbwata. Muulize: ukitoka utalala wapi? Watoto watakula nini? Ukimsaidia kupata majibu hayo, umemsaidia kuliko kumpa nasaha mia.

Halafu yule mwanafunzi hamezi tu. Katika insha ya kawaida ya alama 16, ni alama 6 tu za kueleza nadharia. 10 ni za kuipima. Anaweza kusema, kwa mfano, kwamba tafiti nyingi zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, bila kuthibitisha lipi limezaa lipi. Huenda aliyeamua kukaa ndiye anayezidi kuwekeza!

Nanyi jipimeni basi. Jumamosi jioni, simu pembeni, kila mmoja aandike: kinachoniridhisha kwako, nilichowekeza, na ningekuwa wapi bila wewe. Kisha badilishaneni karatasi. Orodha ya kuridhika ikiwa fupi na ya kuwekeza ndefu, msinuniane. Mmeshajua pa kuanzia mazungumzo, maana kuridhika kunaweza kujengwa upya wawili mkitaka.

Lakini kama nyumbani kuna kipigo, karatasi hiyo usimwonyeshe. Ipeleke kwa mtu unayemwamini, na muanze na lile swali la pa kwenda.

Mwezi ujao tena, mpenzi. Pendaneni, lakini kwa macho mawili!