Akinfenwa Si Meme

Wasee, wacha niseme hii mapema ndio tubishane vizuri: Adebayo Akinfenwa alikuwa na maisha ya mpira mazuri kuliko majina mengi mnayopigania kila wikendi. Na hakuwahi kucheza hata dakika moja ya EPL.

Najua wengi mnamfahamu kutoka kwa PS. Kila mtaa ulikuwa na yule msee mmoja ambaye akipewa pad, hataki Messi, hataki Ronaldo. Anamtafuta Akinfenwa, anamweka mbele, halafu anapiga mipira mirefu mwanzo hadi mwisho. Beki akijaribu kumsukuma, anaanguka kama kiti cha plastiki kwa upepo. Kwa miaka kadhaa jamaa ndiye alikuwa mchezaji mwenye nguvu zaidi kwa FIFA. Watu wanacheka, mechi inaisha, mwingine anachukua pad.

Shida ni kwamba kwa wengi stori iliishia hapo. Mtu alicheza mpira wa kulipwa miaka 20, na sisi tunamkumbuka kama kibonzo. Ukiuliza alifanya nini, unaambiwa, "Si ni yule mnene wa FIFA?" Hapo ndipo mimi nakasirika kidogo.

Tuanze na ukweli wenyewe. Amezaliwa London mwaka wa 1982, wazazi wake Wanigeria. Alipitia akademia ya Watford lakini mambo hayakwenda. Mwaka wa 2001, akiwa bado kijana mdogo, akaenda kucheza Lithuania, timu inaitwa FK Atlantas. Fikiria hiyo kwanza. Mtoto mweusi wa London, peke yake, kwa nchi ambayo hata lugha haijui. Amesimulia mwenyewe vile mashabiki walikuwa wanamtukana kwa sababu ya rangi yake. Na hao hawakuwa wa timu pinzani peke yao. Huo mwaka wa kwanza alifunga bao la ushindi kwenye fainali ya kombe la Lithuania.

Ukifikiri baada ya hapo njia ilifunguka, pole. Alirudi akaenda Barry Town ya Wales mwaka wa 2003. Timu ikachukua ligi na kombe, halafu ikaishiwa pesa, wachezaji wakaachiliwa. Msimu wa 2003-04 akapita Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Timu nne za Uingereza kwa msimu mmoja! Kuna watu hawajahama nyumba mara nne maisha yao yote. Huyu alikuwa anabadilisha kabati ya jezi kabla hata ajue majina ya wenzake.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo watu wa motisha huiruka. Wao wanataka kukuambia, "Usikate tamaa, angalia Akinfenwa." Hapana, buda. Kutokata tamaa peke yake hakulishi mtu. Kuna wachezaji wengi hawakukata tamaa na bado mpira uliwaacha. Huyu jamaa alijua mwili wake unaweza kazi gani, akaifanya hiyo kazi vizuri, mahali ambapo kuna mtu anaihitaji.

Ngoja nieleze kwa lugha ya uwanja. Chini ya EPL kuna Championship, kuna League One, kuna League Two. Kila moja ina timu 24. Ukiongeza zile 20 za EPL unapata klabu 92, na chini yao kuna ligi zingine tena. Huko League Two uwanja wa Januari ni matope na hakuna pesa ya kununua viungo wanaopasiana kama wako kwa video. Timu inataka njia ya kutoa mpira nyuma haraka. Inataka straika anayesimama na mgongo kwa goli, mpira mrefu unakuja, beki yuko juu yake anamvuta jezi, na yeye anautuliza kifuani, anasubiri wenzake wafike, anawapa. Au anachezewa rafu na timu inapata frikiki. Hiyo kazi haiingii kwa video za mabao bora, lakini bila mtu wa kuifanya, timu haitoki nusu yake.

Akinfenwa alikuwa na zaidi ya kilo 100. Makocha walimwambia ni mkubwa sana kucheza mpira. Ni kweli hakuwa wa kukimbizana na mtu mbio za mita 60. Lakini ukimpa mpira ndani ya boksi, nani anamtoa hapo? Kile watu walikiita kasoro ndicho kilimlipia nyumba. Na wala hakungoja ulimwengu ubadilishe maoni. Akachukua yale maneno ya kumdharau, akayageuza jina, Beast, akaanzisha na nguo zake, Beast Mode On. Wewe unacheka, yeye anauza fulana.

Sasa njoo kwa ile sehemu ambayo mimi huona inafaa filamu. Mei 2006 alikuwa Swansea City. Tayari msimu huo alikuwa ameipa timu bao la ushindi kwenye fainali ya Football League Trophy. Halafu wakaingia fainali ya mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Barnsley, mechi ikaisha 2-2, ikaenda penalti. Akinfenwa akakosa. Barnsley wakapanda, Swansea wakabaki. Mwaka uliofuata akavunjika mguu. Hebu piga picha: straika mkubwa, mguu umevunjika, mkataba unaisha. Huko chini mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili. Ukiumia wakati mbaya, simu inanyamaza tu.

Akarudi pole pole. Northampton Town, Gillingham, akarudi Northampton, akarudi Gillingham. Timu ikikuachilia halafu ikurudishe, hiyo ni barua ya sifa kuliko tuzo nyingi. Mwaka wa 2014 akaenda AFC Wimbledon.

Januari 2015, Wimbledon wakapangwa na Liverpool kwenye FA Cup, uwanja wao mdogo wa Kingsmeadow. Akinfenwa ni shabiki wa Liverpool damu. Steven Gerrard alifunga mawili na Liverpool wakashinda 2-1. Lakini hilo moja la Wimbledon, nani alilifunga? Exactly. Msee akafunga timu aliyoipenda tangu utotoni, mbele ya nahodha wao, akiwa na umri wa miaka 32 na akicheza daraja la nne.

Kisha Mei 2016, Wembley. Fainali ya mchujo tena, Wimbledon na Plymouth Argyle. Yeye ameanzia benchi. Wimbledon wanaongoza 1-0, dakika za nyongeza zimejaa, penalti inapatikana. Kumbuka, miaka 10 kamili imepita tangu ile ya Swansea. Ungekuwa wewe ungechukua mpira? Mimi ningejifanya nafunga kamba za viatu. Yeye aliuchukua, akaupiga, ukaingia. 2-0, Wimbledon wakapanda.

Na hapo hapo baada ya mechi, mbele ya kamera, akasema kwamba kimsingi hana kazi, kwa hivyo kocha yeyote anayemtaka amtafute kwa WhatsApp. Watu walicheka na ile video ikazunguka dunia nzima. Lakini iangalie tena ukiwa umetulia. Huyo ni mtu wa miaka 34 ambaye ametoka tu kufunga Wembley, na klabu yake haimpi mkataba mwingine. Ile haikuwa comedy. Ilikuwa ni mtu anatafuta kazi. Wangapi hapa mmemaliza chuo, mmefanya intanshipu mkasifiwa sana, halafu mwezi ukaisha mkaambiwa "tutawapigia"? Basi mnaijua hiyo hali, tofauti ni kwamba yeye aliisema kwa tabasamu na medali shingoni.

Kazi ilipatikana. Wycombe Wanderers, chini ya kocha Gareth Ainsworth. Akiwa na miaka 34 watu wakadhani anaenda kumalizia tu. Alikaa miaka sita! Mwaka wa 2018 wakapanda kutoka League Two. Julai 2020, wakati wa corona, Wembley ikiwa tupu bila mashabiki, wakaipiga Oxford United 2-1 na kuingia Championship kwa mara ya kwanza kabisa katika historia ya klabu. Jamaa akarudi mbele ya kamera na kusema safari hii mtu pekee anayeruhusiwa kumtumia ujumbe kwa WhatsApp ni Jürgen Klopp, washerehekee pamoja, kwa sababu Liverpool nao walikuwa wamechukua ligi. Na Klopp akamtumia video kweli.

Championship walikaa msimu mmoja tu, wakashuka kwa pointi moja. Mei 2022 wakafika fainali ya mchujo tena, Sunderland wakashinda 2-0, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 40.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Lakini bro, si hata hakufika?" Hilo ndilo swali limenifanya niandike hii kitu. Kufika wapi?

Angalia vile tunampenda Jamie Vardy. Na anastahili, sitaki vita. Alitoka Stocksbridge, Halifax, Fleetwood, mpaka akawa bingwa wa EPL na Leicester Mei 2016. Mwezi ule ule Akinfenwa alipofunga penalti yake Wembley! Lakini Vardy tunampenda kwa sababu mwisho wa stori ni ule tunaoutaka. Miaka ya matope inasamehewa kwa sababu kuna kombe mwishoni. Je, kama Leicester wasingempigia simu? Angekuwa mchezaji mbaya? Mabao ya Fleetwood yangekuwa si mabao?

Sisi tumejifunza kuhesabu watu kwa daraja la juu pekee. Ligi za chini za Uingereza tunazijua kwa mkeka tu: Accrington, Wycombe, Crawley, tunaweka na kuombea, bila hata kujua nani anacheza. Kisha tunafanya hivyo hivyo kwa watu wetu. Jonah Ayunga amevaa jezi ya Harambee Stars. Kazi yake ameijenga Havant & Waterlooville, Bristol Rovers, Morecambe, kisha St Mirren ya Scotland. Hizo ni timu za kweli, na amelipwa kwa mpira wa kweli. Lakini akikosa nafasi moja, utasikia, "Kwani Morecambe ni timu?" Buda, wewe jana ulikosa goli tupu ukicheza na watoto wa shule.

Hii kitu haiishii kwa mpira. Dada anafanya kazi kwa saluni ndogo na wateja wake hawamwachi, lakini nyumbani anaulizwa ataajiriwa lini. Msee anatengeneza beats za wasanii wa mtaani, analipa rent, lakini kwa sababu hajapigwa redioni anaambiwa atafute kazi. Mtoto wa Form Three ni mzito, kocha anamweka golini bila hata kumwona akicheza mbele. Kila mmoja anapimwa na EPL ambayo si lazima aifikie.

Sisemi usiwe na ndoto kubwa. Ota, hakuna anayelipisha. Na sisemi maisha ya daraja la chini ni rahisi. Nimewaonyesha hapo juu: kuhama, kuumia, kuachwa baada ya kufunga Wembley. Ninachosema ni kwamba katikati, kati ya nyota na aliyefeli, kuna watu wengi sana wanaofanya kazi safi na kurudi nyumbani na heshima yao. Akinfenwa alikaa hapo katikati miaka 20, akafunga mabao, akapandisha timu, akaacha mashabiki wa Northampton, Wimbledon na Wycombe wakiimba jina lake. Kama huko si kufika, basi wachache sana duniani wamewahi kufika.

Kwa hivyo next time mtu akikuambia "yule mnene wa FIFA", mwambie jina lake kamili. Halafu mniambie hapo chini: ni nani kwa mtaa wenu anafanya kazi safi na bado mnamuuliza amefika wapi?