STAA KUJICHAFUA NA OILI SIYO KUFULIA, ILA HIYO JEKI ITAMUUA

Mitandao imechafuka baada ya staa mmoja wa Bongo Fleva kuposti picha akiwa chini ya Subaru Impreza WRX yake, mikono myeusi, anamwaga oili mwenyewe. Komenti zikashuka kama mvua: "Kafulia huyo", "Hela ya fundi hana", "Anatafuta kiki tu".

Ukweli usemwe, hapo watu wamemuonea. Gari yenye turbo haitaki uvivu. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoilinda ni oili safi. Oili ikipungua au ikichakaa, turbo inakufa na injini inaweza kufuata. Sasa fundi halali na gari ya mtu. Wa kuchomoa stiki na kucheki oili ni mwenye gari. Tena siyo kazi ngumu: gari iwe sehemu tambarare, injini ikae imezimwa dakika kadhaa, unachomoa stiki, unaifuta, unairudisha, unaichomoa tena unasoma. Hata mwenye kucha za kubandika anaweza.

Yupo staa mwingine, mkoko wake ulikuwa haukosi Instagram. Leo unaoshwa, kesho unapigwa picha Masaki. Sasa hivi upo gereji mwezi wa tatu, injini imenoki, na spea anaambiwa asubiri zije kutoka Japani. Mbona huyo hajachekwa? Kati ya hao wawili nani kafulia?

Lakini jamaa wa picha naye ana kosa, na kwenye komenti zote hizo hakuna aliyeliona. Gari ilikuwa imeinuliwa kwa jeki tupu! Hakuna stendi za chuma, hakuna hata jiwe la kuzuia tairi za nyuma. Hiyo gari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Jeki kazi yake ni kuinua, kushikilia ni kazi ya stendi. Jeki ikivuja au ikiteleza, mtu hapati muda wa kutoka. Watu wamebaki kumcheka mikono michafu wakati mwenzao yupo chini ya kifo.

Halafu zipo kazi za kuwaachia wenye fani yao. Mkanda wa taimingi kwenye injini za EJ20, zile za WRX nyingi, unabadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu zinaweza kugongana na pistoni, na hapo ni kuanza kutafuta injini nyingine. Breki nazo siyo za kujaribia. Upepo ukiingia kwenye mabomba ya breki, pedali inazama na gari haisimami. Ndinga yenye mbio namna ile haifungwi breki kwa kuangalia video ya dakika tano. Ukikosea, siyo wewe peke yako unayeumia, na mwenye bodaboda aliye mbele yako yumo.

Kwa hiyo staa aendelee kujichafua, hakuna aibu hapo. Ila posti inayofuata, mashabiki waone stendi kwanza.

Mdau, wewe gari unaicheki mwenyewe au unasubiri taa iwake? Tiririka hapo chini.