Waacheni Wenye Maduka wa Munigi

Kuna hoja inayorudiwa kwa vinyozi, kwenye vituo vya pikipiki na pembeni mwa viwanja vya mpira, hapa Munigi na kandokando ya Goma, kuanzia Majengo hadi Kanyaruchinya: duka lenye kibao cha Kinyarwanda, au siku hizi cha Kiingereza, limejitangaza lenyewe kuwa si la hapa. Mwenye nalo hataki kuwa Mkongomani, husemwa. Angetaka, angeandika Kifaransa kama wenzake. Toleo hili limezaliwa na hoja hiyo, na jarida linaikataa. Makala mbili zinazoitetea zimechapwa zote bila kupunguzwa, kwa sababu waandishi wake wanaishi hapa na hofu yao haikuzuka hewani. Lakini msomaji asitarajie kumkuta mhariri katikati.

Vibao vyenyewe kwanza. Anayepanda barabara ya Rutshuru akiuacha uwanja wa ndege nyuma yake hupokewa na Kifaransa cha biashara: Alimentation, Quincaillerie, Pharmacie, Ets ya fulani, Maison ya fulani. Mtoto anayetumwa sabuni huyajua maneno hayo kwa umbo lake kabla hajajua kusoma. Chini yake, kwa herufi ndogo na mara nyingi kwa mkono mwingine, ndipo mwenye duka anapoandika kile anachotaka mnunuzi akione kweli: unga, mchele, mafuta, makaa, kadi za simu. Hapo lugha imeshageuka Kiswahili. Mbele kidogo kuna nganda ya bia na malewa ya chakula, Kilingala kitupu, na hakuna anayemuuliza mama wa malewa alitoka Kinshasa lini. Kinyozi ameandika Kiingereza kwa sababu kichwa alichokichora ukutani ni cha mchezaji wa ligi ya Uingereza. Halafu, hapa na pale, jina la Kinyarwanda: la mtu, la kumshukuru Mungu, la kijiji ambako mwenye duka alizaliwa huko Bwisha, upande wa Rutshuru. Ni hilo tu linaloulizwa maswali.

Mchoraji wa vibao aliyeandika makala ya kwanza ameieleza kazi yake kwa utulivu ambao wanasiasa wangefaa kujifunza. Bati kuukuu hunyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe la volkano, hupakwa rangi nyeupe mara mbili, na likikauka hupigwa mistari kwa uzi uliochovywa vumbi la makaa. Herufi huandikwa kwanza kwa penseli, ndipo brashi ifuate. Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo humuuliza kila anayemletea kazi: wanunuzi wako ni nani? Muuza mifuko na kamba anayewategemea wakulima wanaoteremka na magunia ya viazi kutoka Kibumba hujibu tofauti na mwenye duka la dawa anayetaka aonekane amesoma. Jibu likishatoka, lugha imeshachaguliwa. Katika makala nzima uraia wa mtu hautajwi hata mara moja, kwa kuwa kwenye kazi hiyo hauna matumizi.

Wanaodai kwamba Kinyarwanda kwenye bati ni alama ya ugeni wanasahau jinsi mpaka ulivyochorwa. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mstari huo mjini Brussels mwaka 1910, na ulipopita uliwakuta watu wa Bwisha wakiongea lugha waliyokuwa wakiiongea siku zote. Baadaye Wabelgiji wenyewe wakawaleta Wanyarwanda Masisi, watu wapatao 85,000 kati ya 1937 na 1955, ili kupunguza msongamano upande wa pili na kupata mikono ya kazi upande huu. Sheria ya 1972 ikawapa uraia waliokuwa wameshakaa Kivu kabla ya 1960. Sheria ya 1981 ikawavua, ikitaka kila mtu aonyeshe kwamba ukoo wake ulikuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya Novemba 2004 ikakirudisha kipimo kwenye mwaka wa uhuru. Watu walewale, katika mashamba yaleyale, wamekuwa raia, wakakoma kuwa raia, wakawa raia tena. Ikiwa dola lenyewe limejikanusha namna hiyo, kijana anayedhani atamaliza shauri hili kwa kutupia jicho kibao cha duka amejitwika kazi ambayo hakimu mzoefu angeiogopa.

Na matokeo yake yanafahamika. Novemba 2023, hapa Goma, afisa wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, aliuawa na kundi la watu na mwili wake ukachomwa. Alikuwa akiitumikia nchi ambayo waliomuua walisema si yake. Anayeona kuwa maneno kuhusu vibao ni mazungumzo ya kupitisha jioni aikumbuke siku ile.

Mwalimu wa Kibati aliyeandika upande wa pili anastahili jibu la heshima. Anasema kwamba tangu 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mtu hawezi tena kuitazama lugha ya kibao kama jambo la soko, kwa sababu lugha hufuata bunduki. Amepoteza mengi, na wanafunzi wake waliokimbia Kibumba tangu 2022 wamepoteza zaidi. Hakuna anayemwambia asihofu. Ila M23 iliundwa 2012, na Kinyarwanda kilikuwa Rutshuru, Masisi na hapa Nyiragongo vizazi vingi kabla ya hapo. Vita vina majina ya wakubwa, vina njia za silaha, vina madini yanayovilipia. Huko ndiko hasira yake ingefaa kwenda. Kumbebesha muuza maharage mzigo huo ni kuwapunguzia wenye nao.

Wengine huzungumzia kuchangamana: mgeni ajifunze, afanane na wenyeji, ndipo akubalike. Goma imelifanya hilo kwa miaka mingi bila amri ya mtu. Wanande wameshuka kutoka Butembo na Lubero na vitambaa na vipuri. Wabashi wamevuka ziwa kutoka Bukavu. Wahunde, Wahutu na Watutsi wameteremka kutoka milimani. Wakumu waliwapokea wote kwenye ardhi yao, na si mara zote kwa furaha. Wote hao wanapatana bei kwa Kiswahili, na watoto wao wanatukanana na kuchumbiana kwa Kiswahili. Lugha hiyo yenyewe iliingia Kongo na misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19. Sokoni ndiko watu wa mji huu walikofanana, na walifanana kwa sababu kila mmoja alihitaji kumuuzia mwenzake.

Pale serikali ilipotaka kufanya kazi hiyo kwa nguvu, ilivunja maduka. Mobutu alibadilisha jina la nchi Oktoba 1971, akabadilisha majina ya watu mwaka uliofuata, na tarehe 30 Novemba 1973 akatangaza kunyang'anywa kwa biashara za wageni. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yalipata wamiliki wapya. Rafu zikabaki tupu, na miaka michache baadaye serikali ileile ikawaomba wenye mali warudi. Idi Amin alikuwa ameshawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, baada ya malalamiko marefu ya wafanyabiashara wa soko la Kariakoo dhidi ya Wachina. Mtu anaweza kuipinga amri hiyo au kuikubali, lakini angalau inasema waziwazi kwamba inahusu nani auze nini. Haijifichi nyuma ya herufi.

Marekani wanaligombania jambo hilihili kuhusu Kihispania. Mjini Philadelphia, mwenye duka la mikate ya nyama aliweka kibao dirishani kuwataka wateja waagize kwa Kiingereza. Mwaka 2006 kikawa habari ya nchi nzima, na mwaka 2008 tume ya haki za binadamu ya mji ikaamua kuwa hakikuvunja sheria. Tarehe 1 Machi 2025 rais wao alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya taifa. Vibao vya Kihispania havikushuka, maana wanunuzi wake wapo palepale. Québec nao wamesimamia lugha ya vibao vya maduka tangu sheria yao ya 1977, na mwaka 2025 wakakaza tena. Msomaji wa Munigi anaweza kudhani haya ni ya mbali. Si ya mbali hata kidogo. Kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, na wengi wao walikwenda na Kiswahili. Familia nyingi za hapa zina ndugu huko, na ndugu huyo akifungua duka la mboga za fumbwa, samaki wakavu na vitenge, huandika jina lake kwa Kiswahili ili Wakongomani wenzake walione kutoka barabarani. Jirani yake Mmarekani akimwambia kwamba kibao hicho kinaonyesha hataki kuwa Mmarekani, wa hapa nyumbani wataona ameonewa. Wataona sawasawa.

Sasa lililomkalia mhariri moyoni zaidi, na wasomaji wamvumilie. Wanaokagua vibao vya maduka wamekosea mlango. Kibao cha duka kikikushinda kusoma, unaingia kwa jirani. Kibao cha kituo cha afya kikikushinda, unaweza kufa. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba kuwa lugha za taifa, na inaipa serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Kifungu hichohicho kinasema lugha nyingine za nchi ni urithi ambao serikali inapaswa kuulinda. Aliyeandika Kinyarwanda juu ya duka lake hajavunja neno hata moja la kifungu hicho. Ofisi inayobandika tangazo la Kifaransa peke yake mbele ya watu wasiokisoma ndiyo inayopaswa kujieleza.

Eneo hili limelipa gharama za kutoelewana. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilikwenda kuwasikiliza watu, Goma ikiwamo, likakuta kwamba walitaka maelezo kwa Kiswahili cha kwao, kile kinachosemwa hapa, na kwamba Kifaransa cha madaktari na hata Kiswahili sanifu cha mabango viliwapita wengi. Mwaka 2024 ikaja mpox, na waandishi wa habari wa dunia nzima wakalijua jina la Munigi kwa sababu ya kituo chake cha matibabu. Usiguse vidonda vya mgonjwa, usilale kwenye shuka zake, mlete mtoto mara upele unapotokea: mambo hayo huelezeka kwa maneno ambayo bibi kizee huyatumia kila siku. Fundi wa vibao anayajua. Angepewa bati na rangi, angeyaandika kabla ya jua kuzama, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Halafu kuna mlima. Nyiragongo ilitapika 1977, ikatapika 17 Januari 2002 na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi, ikatapika tena 22 Mei 2021, ambapo moto ulikata barabara hii huko Kibati na kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuondoka. Tahadhari ya volkano hutangazwa kwa rangi, kijani, njano, chungwa na nyekundu, na rangi haina lugha. Lakini mtu anayeona njano anahitaji kuambiwa afanye nini, apite wapi, abebe nini, na maelezo hayo yanahitaji lugha. Anayetaka kuipima serikali kwa vibao aanze na hivyo: je, mama aliyekimbia kutoka Kibumba na anayepika nje kwenye mawe ya mwaka 2002 anaweza kukisoma kibao kitakachomwokoa?

Katika kurasa zinazofuata yamo pia maandishi ya kwenye machukudu ya mbao ya kubebea mizigo na kwenye malori, yaliyokusanywa na kijana mwenye jicho kali. Mzee mmoja wa Munigi anakumbuka Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kwenye mawe haya na kipindupindu kikawafuata. Makala yake ni fupi, na isomwe polepole. Hesabu ya gharama za rangi na mabati itawafaa mafundi. Makala ya pili ya wanaopinga, inayotaka meya atoze kodi vibao visivyo vya Kifaransa, imejibiwa na mwenye duka ambaye tayari hulipia kibao chake, na jibu hilo linatosha.

Kwa toleo lijalo jarida linakusanya picha za matangazo ya umma yaliyoandikwa Kifaransa peke yake katika Nyiragongo: ya vituo vya afya, ya shule, ya bomba za maji, ya mahakama, ya ofisi ya mwami. Anayeleta picha aandike mahali na tarehe, asiipige ikiwa na sura ya mtu yeyote, na akiweza aambatishe maneno ya tangazo kwa Kiswahili anachokisema nyumbani kwake. Picha na maneno hayo yatachapwa kando kwa kando, na nakala itapelekwa kwa mkono kwa kila ofisi iliyobandika.