Cheni Ikilia, Shukeni Wote Wawili

Wengi mnauliza mtu amjuaje mwenzake zaidi ya ile mitoko ya Ijumaa. Mimi nasema panda naye pikipiki, mwende mbali.

Sisi tulitoka Dar es Salaam kwenda Iringa, takriban kilomita 500, kwa pikipiki ya cc 150. Mume wangu mbele, mimi nyuma na begi: spana, tyubu ya akiba, pampu na oili ya cheni.

Morogoro tulipita salama, Uluguru ikiwa imejifunika ukungu. Mbele kidogo cheni ikaanza kulia, kra kra, kila akiongeza mwendo. Mwenzangu akataka tusonge tu, tuwahi kuona wanyama. Jamani! Barabara ile inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Tembo na twiga wanavuka, na simba wapo. Humo si mahali pa kuinama na spana. Nikamgonga begani: "Mpenzi, simama hapa Doma, kabla hatujaingia hifadhini."

Akanuna, lakini akasimama.

Fundi wa kando ya barabara aliizungusha tairi ya nyuma taratibu. Sehemu moja cheni imelegea, sehemu nyingine imekaza. Maana yake imechakaa, haikazwi tena ikakaa sawa. Tukabadilisha cheni pamoja na spoketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyochongoka hula cheni mpya upesi.

Fundi akataka kuikaza kama waya. Hapo mume wangu akamzuia kwa upole: "Kaka, tuko wawili na mzigo. Tukikaa, springi zinabonyea na cheni inakaza zaidi." Ikaachiwa mchezo wa sentimita mbili na kitu, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza.

Saa mbili zilikwenda, na kununa kukaisha. Mimi nilisikia, yeye alijua, na tulihitajiana.

Tulilala Mikumi mjini. Kesho yake tukapita Bonde la Mibuyu, kando ya Ruaha Mkuu, mibuyu imejaa milimani kama wazee kwenye kikao. Kisha Kitonga, kona juu ya kona, malori yakijikongoja. Cheni kimya kabisa! Iringa tulipanda jiwe la Gangilonga, tukaona mji wote chini yetu. Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, tukatembea kati ya nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko, penye zana za mawe za watu wa kale. Nilishikwa mkono njia nzima.

Nanyi mkipanga safari, kubalianeni mapema. Anayesikia mlio ana haki ya kusimamisha, hata kama hajui jina la kifaa. Pesa ya fundi iwe mbali na pesa ya chakula. Giza likikaribia, tafuteni pa kulala. Mkirudi kwa Kitonga, shukeni kwa gia ndogo. Breki zikitumika peke yake hupata moto na kupungua nguvu.

Na nyumbani je? Mwenzako akikwambia kuna kitu kinalia, usimwambie "tusonge tu". Simama, mkiwa bado kijijini penye fundi.

Tukutane mwezi ujao.