Kitabu Safi na Kitabu Kichafu

Wazee wenzangu hapa Kasekese wana wimbo mmoja: vitabu vya zamani vilikuwa safi, vya baadaye vimeharibu watoto. Ukiwataka mfano wa kitabu safi, watakutajia Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ukiwataka mfano wa kichafu, watakutajia Rosa Mistika. Mimi niliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuandaa walimu nasema ni kinyume chake, na sababu zangu ni hizi.

Mashimo ya Mfalme Sulemani ni riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard. Ilitoka mwaka 1885, enzi za Malkia Victoria, na Frederick Johnson akaileta kwa Kiswahili mwaka 1929. Kizazi changu kiliisoma kwa uchu. Mwandishi aliitunuku kwa wavulana, wakubwa kwa wadogo, na msimulizi wake, Allan Quatermain, anajigamba mapema kuwa wanawake hawamo, isipokuwa Foulata na kikongwe Gagool.

Je, kweli hawamo? Wamo, ndugu msomaji, ila tazama walivyowekwa. Kwanza mwanamke ni mlima: milima miwili iliyo njiani kwenda kwenye almasi imeitwa Matiti ya Sheba. Nchi imegeuzwa mwili wa mwanamke, na mwili huo ni wa kukanyagwa na wanaokwenda kuchukua mali. Pili ni mchawi: Gagool anajua siri zote za nchi, na ujuzi huo umefanywa uovu mtupu, hata anapondwa na mlango wa jiwe. Tatu ni maiti: Foulata anachaguliwa auawe kwa kuwa ni mzuri kuliko wenzake wote, anaokolewa, anamuuguza Kapteni Good, kisha anachomwa kisu. Anakufa akiridhika, kwa kuwa amempenda Mzungu asiyeweza kuwa wake. Naye Quatermain anatuambia baadaye kwamba kifo kile kilikuwa cha heri, maana kiliepusha matata. Hicho ndicho kitabu safi!

Sisemi haya kwa kuwachukia Waingereza. Charlotte Brontë, mwanamke wa enzi hizohizo, katika Jane Eyre ya mwaka 1847 alimweka mke wa Bwana Rochester, mzaliwa wa Jamaika, ndani ya chumba cha juu kabisa, chini ya kufuli. Ilikuwa mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo mke huko Uingereza alipoweza kumiliki mali yake kama mtu kamili. Kwangu mimi, kufuli lile ni ndoa yenyewe ya siku zile. Ishara ya Brontë inafichua, ya Haggard inafunika. Mwalimu asiyeweza kuwaonyesha wanafunzi tofauti hiyo anawasomesha herufi tu.

Sasa njoo kwa Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliitoa mwaka 1971. Humo Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Amelelewa kwa fimbo badala ya mafundisho, na alipotoka nje dunia ikammeza, hata akajiua. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, eti kimeyasema mno mambo ya chumbani. Fimbo ya Zakaria haikumkera mtu. Kilichokera ni kuandikwa kwake.

Mwaka uleule wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya wazazi, huku mvulana akingoja miaka 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Haya si ya mbali na kwetu. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu wa Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi. Kwa taifa zima walikuwa 27. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako watakaoniambia kwamba hadithi ni hadithi tu. Kama ni tu, mbona Rosa Mistika iliogopwa? Hadithi humfundisha mvulana jinsi ya kumtazama dada yake, na humfundisha msichana kiasi cha kujithamini. Binti anayesoma mara kwa mara kwamba mwanamke mwema ni yule anayekufa kimya ili wanaume waendelee na safari, atajifunza kunyamaza.

Sitaki Mashimo ichomwe moto. Marufuku ni dawa ya wavivu. Nataka vitabu hivi viwili viwekwe kwenye meza moja, visomwe na wavulana na wasichana pamoja, na msichana wa Kasekese akiuliza kwa nini ilibidi Foulata afe, mwalimu asimwambie akae chini.