Vipindi vya uhalisia vina waandishi, watambuliwe

NYUMA YA KAMERA
Na Zuhura Makame

Kila waandishi wa televisheni wa Marekani wanapogoma, wakubwa wa stesheni hukimbilia vipindi vya uhalisia. Maelezo yao ni yale yale: hivi havina skripti, kwa hiyo havihitaji mwandishi. Maelezo hayo si ya kweli, na yameumiza watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwandishi aliyeko barabarani na bango mkononi. Wa pili ni yule aliyebaki ndani, anayeifanya kazi ya uandishi bila kuitwa mwandishi.

Mwaka 1988 chama cha waandishi, WGA, kiligoma kwa miezi mitano. Fox, stesheni changa wakati huo, ilihitaji kipindi kisichotegemea waandishi wala waigizaji. John Langley na Malcolm Barbour walikuwa na wazo ambalo halikuwa limepata mnunuzi: kuwafuata polisi wakiwa kazini, kamera begani, bila msimulizi. COPS ikaanza kuonyeshwa Machi 1989, na Fox ikaendelea kuirusha hadi 2013. Wenye stesheni wakapata somo ambalo hawakulisahau: kuna vipindi vya bei nafuu ambavyo mgomo hauwezi kuvigusa.

Somo hilo lilitumika tena Novemba 2007, waandishi walipogoma kwa siku 100 wakidai sehemu yao ya mapato ya intaneti. Mwanzoni mwa 2008 NBC ilikuwa na The Celebrity Apprentice na American Gladiators hewani. CBS nayo iliitoa Big Brother kwenye msimu wake wa kiangazi na kuileta katikati ya baridi. Ilianza tarehe 12 Februari 2008, siku ile ile waandishi walipopiga kura ya kurudi kazini. Mwaka 2023, waandishi wapatao 11,500 walipoweka kalamu chini kwa siku 148, CBS ilirefusha Survivor na The Amazing Race hadi dakika 90 kila kimoja, na ABC ikategemea Dancing with the Stars na The Golden Bachelor.

Kwa mwenye stesheni, hii ni nguvu kubwa mezani. Silaha ya mgomaji ni pengo analoliacha. Pengo likizibwa, matangazo ya biashara yanaendelea kuingia, watazamaji wanaendelea kutazama, na tajiri anapata muda wa kusubiri mpaka kodi ya nyumba imshinde mwandishi.

Lakini pengo hilo linazibwa na nani? Ingia kwenye chumba cha kuhariri cha kipindi chochote cha aina hii. Utamkuta mtu ambaye cheo chake ni mhariri wa hadithi au mtayarishaji wa hadithi. Ana mamia ya saa za picha, na kazi yake ni kuzigeuza dakika arobaini na kitu zenye mwanzo, mgogoro na mwisho. Anasoma kila neno lililosemwa, limechapwa kwenye karatasi, na anapanga kwanza kwenye karatasi hiyo nani awe mkorofi na nani aonewe huruma. Jicho kali lililopigwa Jumanne linaweza kuwekwa baada ya maneno yaliyosemwa Jumamosi. Nusu ya sentensi inaweza kuunganishwa na nusu ya sentensi nyingine. Hata kwenye mahojiano, mshiriki huombwa ajibu kwa sentensi kamili, ili swali la mtayarishaji liondolewe na yeye aonekane amejisemea mwenyewe. Kupanga tukio, kujenga mhusika, kuchagua pa kukatia ili mtazamaji arudi wiki ijayo: huo ni uandishi. Kilichobadilika ni kwamba maneno yanatoka vinywani mwa watu kabla hayajapangwa.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hiki kinafanya kazi na pete hakijaiona. Julai 2006 watu 12 wa idara ya hadithi ya America's Next Top Model waligoma wakitaka watambuliwe kuwa waandishi na wapate bima ya afya na pensheni kama wenzao wa tamthilia. Kipindi kiliendelea bila wao, na ajira zao zikafutwa. Januari 2008, katikati ya mgomo mkubwa, WGA yenyewe iliondoa mezani dai la kuwaingiza watu wa vipindi vya uhalisia ili mazungumzo yaendelee. Naelewa shida waliyokuwa nayo viongozi wale, kwa sababu familia zilikuwa zimekaa miezi bila kipato. Hata hivyo, dai lililoachwa siku ile ndilo lingeziba mlango ambao waajiri walitokea tena mwaka 2023.

Wanaoonekana kwenye kamera nao wameanza kusema. Katika mgomo wa 2023, Bethenny Frankel alieleza hadharani kwamba msimu wake wa kwanza wa The Real Housewives of New York City ulimlipa dola 7,250, akataka washiriki wawe na chama. Desemba 2024, bodi ya serikali ya Marekani inayosimamia mahusiano kazini ilifungua shauri dhidi ya watayarishaji wa Love Is Blind, ikisema washiriki wake ni waajiriwa kisheria.

Tusidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Tulikesha na Big Brother Africa, tukashangilia Richard Bezuidenhout alipoibuka mshindi 2007 na Idris Sultan 2014. Tulibishana vibarazani na kwenye daladala nani mnafiki na nani mkweli mle ndani, tukiamini tumewajua. Tuliowajua ni wale waliochaguliwa na mtu mbele ya skrini, kwa mkato huu badala ya ule. Mtu huyo jina lake hatukuwahi kuliuliza.

Msimamo wangu ni huu. Mgomo wa waandishi utaendelea kuvinufaisha vipindi vya uhalisia kwa muda wote ambao wanaoviandika wako nje ya chama, na kila mgomo mpya utawakuta wagomaji wakishindana na waandishi wenzao wasio na bima wala mkataba wa pamoja. WGA ikae na wahariri na watayarishaji wa hadithi kabla ya mgomo, iwasajili, iwatetee. Na siku ya mazungumzo ikifika, dai la kuwatambua liwe la mwisho kuondolewa mezani, kwa sababu bila hao hakuna mgomo utakaouma.