Maumivu ya Mgongo Yasiyolala: Somo Nililolipata Kua

Miaka miwili iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu Kua, kwenye magofu yaliyo katika kisiwa cha Juani, wilayani Mafia. Tulikwenda kutazama mabaki ya mji wa Waswahili ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Bukini, ndiyo Madagaska ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19. Nahodha aliyetuvusha, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, hakupanda nasi magofuni. Aliketi chini ya mbuyu, akaegemea shina lake na kufumba macho. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu: "Mgongo, mwalimu. Mwezi wa tatu huu. Mchana nastahimili, lakini usiku nikilala ndio unazidi."

Nilimwambia pole. Mwanafunzi mmoja akampa dawa ya kuchua. Mwingine akatania kwamba uzee haupigi hodi. Tukacheka sote, naye akacheka pamoja nasi.

Baadaye nikapata habari kwamba miguu yake ilianza kulegea. Alikwenda katika vituo viwili vya afya, akapewa vidonge vya maumivu. Wapo ndugu waliosema amefanyiwa jambo, wakampeleka kwa mganga. Alipofikishwa Dar es Salaam, alikuwa hajasimama kwa wiki tatu na mkojo ulikuwa umeziba. Kipimo kilionyesha saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye pingili za mgongo na kuubana ugwe wake. Alitibiwa, maumivu yakapungua, lakini miguu haikurudi. Familia yake imeniruhusu kusimulia haya bila kumtaja jina. Nasimulia kwa sababu mimi, mwenye shahada ya uzamivu, niliisikia dalili kuu ya ugonjwa huo kutoka kinywani mwake, nikampa pole.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo kosa letu linapoanzia. Tunaposema "uti wa mgongo" tunachanganya vitu viwili. Kuna mfupa, yaani mlolongo wa pingili 33, za chini zikiwa zimeungana. Na kuna ugwe, yaani uzi wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya mfereji wa pingili hizo. Kwa mtu mzima ugwe huwa na urefu wa sentimita 45 hivi, nao huishia sehemu ya juu ya kiuno. Kutoka humo hutoka jozi 31 za neva zinazobeba amri na hisia za mikono, kifua, miguu, kibofu na haja kubwa. Mfereji ni wa mfupa, kwa hiyo hautanuki. Kinachoota ndani yake, hata kikiwa kidogo, hakina pa kwenda isipokuwa kuubana ugwe.

Uvimbe wa sehemu hiyo hutokea mahali patatu. Upo unaoota ndani ya ugwe wenyewe, nao ni nadra. Upo unaoota nje ya ugwe lakini ndani ya utando unaouzingira. Mwingi wa aina hii si saratani, ingawa unaweza kumpooza mtu vilevile. Na upo unaotokea nje ya utando, katika mifupa. Huu wa tatu ndio unaoonekana zaidi, na kwa kawaida haukuzaliwa hapo: umesafiri kutoka kwenye titi, tezi dume, pafu au kiungo kingine. Kwa watoto wa Afrika Mashariki, saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, nayo huweza kuubana ugwe na kumlemaza mtoto ghafla.

Dalili zake zina mpangilio. Maumivu hutangulia, mara nyingi kwa wiki au miezi. Si maumivu ya kuinua gunia yanayotulia ukipumzika. Haya huzidi ukilala, hukuamsha usiku, huongezeka ukikohoa au kujikamua, na pengine huzunguka kifua kama mshipi. Hufuata miguu kuwa mizito, kisha ganzi, kisha mkojo na haja kubwa kukataa amri. Kati ya dalili ya kwanza na ya mwisho mna muda, na ndani ya muda huo ndimo mtu huokolewa au hupotezwa.

Thamani ya muda huo imepimwa. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Patchell na wenzake wa Marekani kuhusu wagonjwa 101 waliobanwa ugwe na saratani iliyosambaa. Waliofanyiwa upasuaji kisha mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya tiba. Waliopata mionzi peke yake, asilimia 57. Lakini watazame wale 32 waliokuwa tayari wameshindwa kutembea. Kwa upasuaji na mionzi, 10 kati ya 16 walisimama tena. Kwa mionzi peke yake, ni 3 tu kati ya 16. Na utafiti huo haukumpokea mtu aliyekuwa amepooza kwa zaidi ya saa 48. Nchini Uingereza, mwongozo wa taifa tangu 2008 unataka mgonjwa wa saratani mwenye maumivu ya aina hii apate kipimo cha MRI ndani ya wiki moja, na akianza kulegea miguu, ndani ya saa 24.

Sasa zihesabu hizo saa 24 kutoka Juani. Mashua hadi kisiwa kikuu, kwa kusubiri maji yajae. Barabara hadi Kilindoni, kwenye hospitali ya wilaya. Chombo cha kuvuka hadi Nyamisati. Barabara tena hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili penye wapasuaji wa ubongo na mgongo, na Taasisi ya Saratani Ocean Road penye mionzi. Mgonjwa asiyeweza kukaa wala kusimama husafirishwaje katika njia hiyo? Na kabla ya nauli, kuna kikao cha familia, mchango, na kuuza mbuzi. Ni makosa kusema watu wa visiwani "wanachelewa hospitali". Huyu nahodha alikwenda hospitali mara mbili akiwa anatembea kwa miguu yake.

Najua hoja itakayoletwa, kwa sababu nimeshaisikia katika korido za ofisi: nchi yenye malaria na vifo vya wajawazito haiwezi kuhangaika na ugonjwa wa watu wachache. Hoja hii ina uzito, na asiyeiheshimu hajawahi kupanga bajeti. Lakini inakosea mahali pamoja. Mgongo unaouma usiku na miguu inayolegea si dalili za saratani peke yake. Ni dalili pia za kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho kwetu ni cha kawaida na kinapona kwa dawa zinazotolewa bure. Na Mafia ni kisiwa cha minazi. Kila anayeishi huko anamjua mwangua nazi aliyeanguka akavunjika mgongo. Njia moja ya rufaa ya haraka ya mgongo ingewahudumia wote hawa: mkwezi, mwenye kifua kikuu na mwenye saratani.

Wala sidai mashine ya MRI Juani. Mwaka 1887, jijini London, daktari William Gowers alitambua uvimbe uliobana ugwe wa mgonjwa aliyekuwa amepooza miguu, na Victor Horsley akampasua na kuuondoa. Mgonjwa alirudi kutembea. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa; iligunduliwa miaka minane baadaye. Gowers alitumia maswali, pini na kugonga magoti. Kila zahanati ya Tanzania ina vifaa hivyo. Inachokosa ni mazoea ya kuvitumia, na mtu wa kumpigia simu baada ya kuvitumia.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaonisoma mambo matatu. La kwanza, kila mgonjwa wa mgongo aulizwe maswali matatu: maumivu yanazidi ukilala? Miguu ina nguvu ileile? Mkojo unatoka kama kawaida? Kisha apimwe miguu akiwa amevuliwa viatu. La pili, tabibu wa zahanati aweze kumpigia simu moja kwa moja mtaalamu wa rufaa, aelekezwe, na pale inapofaa aanze deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayopunguza uvimbe kwenye ugwe, wakati safari inaandaliwa. La tatu, usafiri wa dharura uhesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima inayolipia upasuaji lakini haimfikishi mgonjwa wa Juani kwa mpasuaji ni ya wakazi wa mjini, hata tukiiita ya wote.

Wanaharakati nao wana kazi. Kampeni za matiti na tezi dume huishia kwenye uchunguzi wa mwanzo. Aliyekwisha kutibiwa naye aambiwe wazi: ukipata maumivu mapya ya mgongo, usiyavumilie. Na kwa ambao miguu haitarudi, tudai mofini ya kutuliza maumivu, mipira ya mkojo, magodoro na mafunzo ya kuzuia vidonda vya kulala. Kutopona si kibali cha kutelekezwa.

Nilirudi Mafia mwaka huu, nikamtembelea nahodha nyumbani kwake. Anakaa barazani kwenye kiti cha magurudumu kisichoweza kupita kwenye mchanga, hivyo ameikosa pwani, ingawa anaisikia. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya mbuyuni. Alinisikiliza, akasema: "Mwalimu, wewe hukujua. Sasa umejua."

Nimejua. Na wewe uliyefika hapa umejua. Kesho mtu atakwambia mgongo unamnyima usingizi. Kabla ya kumpa pole, muulize: ukilala unapungua, au unazidi?